Watoto Wanaonakili: Somo la Utungaji Kutoka Kasanda Hadi Mtihani wa Taifa

Fungua daftari la Kiswahili la mtoto wa darasa la nne katika shule za nyanda za juu za Kigoma, kuanzia Kasulu hadi Kibondo na Kasanda, na mara nyingi utaona kazi nyingi iliyofanywa kwa bidii. Kuna tarehe iliyopigiwa mstari, kichwa cha somo, msamiati na maana zake, mazoezi ya kujaza nafasi, methali za kukamilisha, na imla yenye vema za kalamu nyekundu. Mwandiko ni safi. Kinachoadimika ni ukurasa ambao maneno yake yametoka kwa mtoto mwenyewe, habari ambayo mwalimu hakuiandika kwanza ubaoni na ambayo jirani yake wa dawati hana nakala yake.

Kasanda ni kata ya Wilaya ya Kakonko, wilaya iliyomegwa kutoka Kibondo mwaka 2012. Ni mahali pazuri pa kuliangalia suala hili, kwa sababu magumu yote ya somo la utungaji yamekutana hapa. Watu wake wengi ni wakulima wa mahindi, maharage na mihogo. Nyumbani wanaongea Kiha. Burundi ni jirani, na wilaya hizi kwa miaka mingi zimepokea wakimbizi: Nyarugusu huko Kasulu tangu 1996, Nduta ya Kibondo, na Mtendeli ya Kakonko iliyofungwa mwishoni mwa 2021. Mtoto wa hapa ana mengi ya kusimulia. Ameona mvua ikiozesha maharage, amesaidia kupandisha mizinga ya nyuki, amefika soko la mpakani, ameshuhudia lami ikifika baada ya miaka ya vumbi. Lakini anaweza kumaliza shule ya msingi bila kuombwa, isipokuwa mara chache sana, aandike lolote kati ya hayo kwa maneno yake.

Je, anaweza kufundishwa kutunga, akiwa katika darasa la watoto 80 na mwalimu mmoja? Anaweza. Historia ya Afrika Mashariki yenyewe ina ushahidi, na utafiti wa nchi nyingine umeonyesha njia zipi zinafaa. Kikwazo kilicho juu ya vingine vyote ni kwamba maandishi ya mtoto hayana msomaji. Mtihani hauyasomi, tathmini za kitaifa haziyapimi, na mwalimu aliyelemewa na rundo la madaftari hupata muda wa kusoma makosa tu.

K ya katikati

Mwaka 2012 Watanzania walishtuka kusikia kwamba wanafunzi zaidi ya 5,000 waliochaguliwa kuingia kidato cha kwanza hawakujua kusoma na kuandika. Wote walikuwa wamefaulu mtihani wa darasa la saba. Mwaka uliofuata, upimaji wa stadi za kusoma kwa darasa la pili ulionyesha kuwa asilimia 8 tu ya watoto ndio waliosoma kwa ufahamu unaotarajiwa kwa darasa lao. Nguvu ikaelekezwa madarasa ya chini. Mtaala wa darasa la kwanza na la pili ulioanza 2015 ulipunguza masomo na kutenga asilimia 80 ya muda kwa KKK: Kusoma, Kuandika na Kuhesabu. Walimu walipelekwa mafunzoni na vitabu vya kiada vikaandikwa upya. Kigoma ilikuwa miongoni mwa mikoa ya mradi wa EQUIP-Tanzania ulioanza 2014, na sasa imo katika mradi wa Shule Bora ulioanza 2022.

Kazi hiyo ilihitajika sana. Hata hivyo, kati ya K tatu, ile ya katikati ndiyo iliyopimwa kidogo kuliko zote. Tathmini za Uwezo, zilizofanywa kwa kupita nyumba kwa nyumba Tanzania, Kenya na Uganda, humsikiliza mtoto akisoma na kumpa hesabu afanye. Hazimpi karatasi atunge. Sababu inaeleweka. Kumsikiliza mtoto akisoma aya ni kazi ya dakika chache, na wapimaji wawili hukubaliana kirahisi alipokosea. Kupima habari aliyoitunga kunahitaji msomaji aliyefunzwa, vigezo vilivyokubaliwa, na muda.

Matokeo yake, kuandika kumebaki na sehemu zake mbili zinazopimika. Ya kwanza ni mwandiko: kuumba herufi vizuri, kukaa kwenye mstari, kuacha nafasi kati ya maneno. Ya pili ni tahajia, inayopimwa kwa imla. Zote mbili ni za lazima, na mtoto asiyezimudu atahangaika na kila kitu kingine. Sehemu ya tatu, ile ya kuamua useme nini, uanze wapi na upange vipi ili mtu asiyekuwepo aelewe, imeachiwa insha chache za madarasa ya juu, nazo mara nyingi huishia kuwa insha moja ya ubaoni iliyonakiliwa na darasa zima.

Utungaji bila kutunga

Kinachotoka kwenye mtihani ndicho kinachofundishwa. Kila mwalimu wa taaluma anajua hivyo. Upimaji wa darasa la nne wa Baraza la Mitihani la Tanzania, NECTA, umekuwa na sehemu ya imla: msomaji anasoma sentensi, watoto wanaandika wanachosikia. Mtihani wa Kiswahili wa darasa la saba, kwa upande wake, kwa miaka mingi umekuwa na sehemu yenye jina la Utungaji. Humo mtahiniwa hupewa sentensi nne zilizovurugwa mpangilio, azipe herufi A, B, C na D ili zilete habari yenye mantiki. Sentensi zote nne zimetungwa na mtu mwingine. Mtahiniwa angeweza kupata alama zote za Utungaji pasipo kuandika neno hata moja.

Mwaka 2012 NECTA ilipoanza kutumia mashine kusahihisha mtihani huo, hata herufi haikuandikwa tena. Mtoto alisiliba jibu kwa penseli. Baadaye maswali machache ya majibu mafupi yaliongezwa. Ilikuwa hatua njema, ingawa jibu la neno moja au sentensi moja bado ni mbali na habari kamili.

NECTA ina sababu zake, na si ndogo. Watahiniwa wa darasa la saba sasa hupita milioni moja kwa mwaka. Kusoma insha milioni moja kwa vigezo vilevile, kutoka Kasanda hadi Newala, ni gharama kubwa, na mashine imefupisha muda wa kusubiri matokeo na kuondoa shaka ya upendeleo. Lakini faida hiyo imelipiwa darasani. Mwalimu anayetaka watoto wake wafaulu ana kila sababu ya kutumia kipindi cha utungaji kuwazoesha kupanga sentensi nne nne, na hakuna mkaguzi wala mzazi atakayemlaumu.

Taifa hili hili liliwahi kudai zaidi. Mwalimu Nyerere aliutangaza mwaka 1970 kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima, na kampeni iliyofuata ilipunguza idadi ya watu wazima wasiojua kusoma na kuandika kutoka takriban theluthi mbili mwaka 1967 hadi karibu asilimia 10 mwaka 1986. Ngazi ya juu ya mitihani ya kisomo ilimtaka mhitimu aweze kusoma gazeti, kuandika ujumbe au barua, na kuweka kumbukumbu zake. Mkulima wa Kibondo mwenye miaka 40 alitakiwa aandike ujumbe wake mwenyewe. Mjukuu wake, baada ya miaka saba ya shule ya kutwa, alitakiwa asilibe.

Kenya ilichukua njia nyingine. Mtihani wa KCPE, ulioanza 1985 na kufanyika kwa mara ya mwisho 2023, uliwataka watahiniwa waandike insha ya Kiswahili na nyingine ya Kiingereza, zikasomwa na kusahihishwa na walimu. Hivyo insha ikawa kazi ya kila wiki katika shule za msingi za Kenya, na watoto wakazoea kujaza kurasa. Ila wengi walizoezwa pia kukariri: mwanzo ule ule wa jua lililochomoza na ndege walioimba, orodha ya methali na tashbihi za kupachika popote, iwe mada ni ajali ya barabarani au siku ya michezo. Walimu wengi wa Kenya wenyewe wamelilalamikia hilo. Uzoefu wao unaonyesha kwamba kudai maandishi ni nusu ya kazi tu. Nusu nyingine ni kuamua ni sifa gani za maandishi zitakazopewa alama.

Waliowahi kuandika

Anayeona kwamba watoto wa huku hawawezi kutunga kwa Kiswahili, lugha isiyo ya nyumbani kwao, aangalie Zanzibar ya miaka ya 1880. Mwaka 1887 kilichapishwa London kitabu cha habari zilizoandikwa na wavulana wa Kiungani, shule ya misheni ya UMCA. Wengi wao walikuwa watoto waliotekwa bara, wakasukumwa kwenye misafara ya watumwa hadi pwani, kisha wakaokolewa. Arthur Cornwallis Madan, mmisionari aliyekuja kujulikana kwa kamusi zake za Kiswahili, alizikusanya habari hizo na kuzitafsiri kwa Kiingereza. Wavulana walieleza walikozaliwa, desturi za kwao, jinsi walivyokamatwa na njia waliyopita. Walitoka makabila mbalimbali ya bara, na Kiswahili walikipata njiani na shuleni. Kilichowawezesha kuandika ni kwamba walikuwa na jambo zito la kusema, na kulikuwa na mtu aliyetaka kulijua.

Mwaka uliofuata, 1888, misheni hiyo ilianza kutoa Msimulizi, gazeti la Kiswahili lililobeba habari za wanafunzi na za waliokuwa wanafunzi waliotawanyika vituoni bara. Kuanzia 1923, jarida la serikali la Mambo Leo lilipokea barua, mashairi na hadithi za wasomaji kutoka kila pembe ya Tanganyika, wakiwemo walimu na watu wenye elimu ya miaka michache tu. Shaaban Robert, ambaye utunzi wake ulipata wasomaji katika magazeti, aliona haja ya kuwafundisha wengine, na mwaka 1954 kikachapishwa kitabu chake Kielezo cha Insha. Katika mifano yote hii, mwandishi alijua kwamba kuna mtu upande wa pili wa karatasi.

Hesabu ya madaftari

Mwongozo wa serikali unataka darasa la shule ya msingi liwe na watoto 45. Shule nyingi za vijijini hazijafika hapo. Tuchukue darasa la watoto 80, idadi ambayo haimshangazi mwalimu yeyote wa Kigoma. Kila mtoto akiandika nusu ukurasa na mwalimu akatumia dakika mbili kwa kila daftari, hizo ni dakika 160, yaani saa mbili na dakika 40, kwa somo moja la mkondo mmoja. Mwalimu huyo ana masomo mengine, ana andalio la kesho, na ana shamba. Anayemwambia tu aongeze insha hajafanya hesabu hii.

Karatasi nazo ni chache. Ruzuku ya serikali kwa mtoto wa shule ya msingi ni shilingi 10,000 kwa mwaka, na kati ya hizo 4,000 ni za vitabu. Madaftari ni juu ya mzazi. Mtoto mwenye daftari moja la Kiswahili kwa muhula anafundishwa kulitunza, na kulitunza maana yake ni kuandika humo mambo yaliyo sahihi tu. Rasimu, yenye mistari iliyokatwa na maneno yaliyoongezwa pembeni, inaonekana ni uchafu na uharibifu, ilhali ndiyo kazi yenyewe ya mwandishi.

Kisha kuna lugha. Mtoto wa Kasanda huanza darasa la awali akiwa na Kiha, na Kiswahili anakijifunza huku akijifunza herufi. Ng'ambo ya mpaka, mtoto wa Burundi huanza kusoma na kuandika kwa Kirundi, lugha inayokaribiana sana na Kiha. Uganda, tangu 2007, imeelekeza madarasa matatu ya mwanzo yafundishwe kwa lugha za nyumbani pale inapowezekana. Tanzania iliamua tofauti, na Kiswahili kimelijenga taifa kwa namna ambayo wengi wa jirani zake wanaionea wivu. Hakuna haja ya kuubomoa uamuzi huo ili kumsaidia mtoto. Inatosha kumruhusu aongee na mwenzake kwa Kiha juu ya anachotaka kuandika, dakika tano, kabla hajashika kalamu. Akishaipanga habari yake kichwani, kinachobaki ni kutafuta maneno ya Kiswahili ya kuieleza, na hapo msamiati anaofundishwa unapata kazi. Mtoto anayelazimishwa kubuni habari na kutafuta lugha yake kwa mpigo mmoja huishia kuandika sentensi zile tatu anazojua hazina kosa.

Yaliyojaribiwa kwingine

Katika miaka ya 1920 mwalimu wa kijiji cha Ufaransa, Célestin Freinet, alinunua mtambo mdogo wa kuchapisha na kuuweka darasani kwake Bar-sur-Loup. Watoto wa wakulima waliandika mambo ya kwao, darasa likachagua habari, likaihariri kwa pamoja, kisha watoto wakapanga herufi za risasi na kuichapa. Kurasa hizo walibadilishana kwa posta na watoto wa shule ya Brittany, upande mwingine wa nchi. Tahajia ikawa na maana mpya, kwa sababu kosa lingesomwa na mgeni.

Marekani, kati ya 1978 na 1980, Donald Graves na wenzake walikaa katika shule ya msingi ya Atkinson, New Hampshire, wakiwaangalia watoto wakiandika. Kitabu chake cha 1983 kiliwashawishi walimu wengi wa nchi zinazozungumza Kiingereza kwamba mtoto mdogo naye anaweza kuchagua mada, kuandika rasimu, kuijadili na kuirekebisha kabla ya kuimaliza, kama afanyavyo mwandishi mtu mzima.

Lakini uhuru peke yake hautoshi, na hilo limepimwa. Mwaka 2007 Steve Graham na Dolores Perin walikusanya matokeo ya majaribio mengi ya kufundisha uandishi kuanzia darasa la nne hadi la 12. Matokeo yaliyokuwa juu kabisa yalitokana na kuwafundisha wanafunzi waziwazi hatua za kupanga, kuandika na kurekebisha, na kuwafundisha kufupisha walichosoma. Kuwaweka waandike kwa kushirikiana kulisaidia sana pia. Kufundisha sarufi peke yake, mbali na maandishi yao, hakukuboresha uandishi, na mara nyingine matokeo yake yalikuwa hasi.

Kwa darasa kubwa la Kigoma, habari hizi ni njema. Mbinu za kupanga hufundishwa kwa ubao na chaki. Kazi ya kushirikiana, watoto wawili au watatu kwenye karatasi moja, hupunguza madaftari ya kusoma kutoka 80 hadi 40 au chini ya 30.

Kipindi cha dakika 40

Somo la utungaji linaloendana na hali ya Kasanda linaweza kwenda hivi. Mwalimu anaanza kwa kuandika habari yake ubaoni, sentensi nne au tano, mbele ya watoto, huku akifikiri kwa sauti: nianze na mvua au na mbuzi aliyepotea? Anakata neno, anaandika jingine juu yake. Watoto wanaona kwamba hata mwalimu hubadilisha mawazo. Dakika tano zinafuata za kusimuliana wawili wawili, kwa lugha yoyote. Kisha dakika 15 za kuandika kimya, bila ufutio. Kosa linakatwa kwa mstari mmoja na kazi inaendelea. Halafu watoto wanabadilishana madaftari, na kila msomaji anatakiwa afanye jambo moja tu: amuulize mwenzake swali juu ya kitu alichotaka kukijua zaidi.

Tuseme mtoto mmoja wa darasa la tatu ameandika: "Jumamosi nilienda shamba na mama. Turirima maharage. Nirichoka sana. Turirudi nyumbani."

Kwa kalamu nyekundu ya kawaida, hizi ni alama tatu za makosa na neno "rudia". Mtoto atanakili upya sentensi nne, safari hii akiwa na l badala ya r, na habari yake itabaki pale pale. Msomaji anayeuliza "Nini kilikuchosha?" anafungua mlango mwingine. Mtoto anafikiri, kisha anaongeza: "Jembe ni la kaka. Mpini wake mrefu, nalishika katikati." Sentensi hizo mbili hakuna mwingine darasani angeweza kuziandika. Zina sababu, zina kitu kinachoonekana, na mtoto amegundua kwamba alichokiruka kwa kukiona kidogo ndicho mwenzake alichotaka kukisikia.

Kosa la r na l halijasamehewa. Watoto wengi wa ukanda wa Maziwa Makuu huchanganya herufi hizo, kwa sababu lugha nyingi za nyumbani hazizitenganishi kama Kiswahili kinavyofanya. Vivyo hivyo dh huandikwa z, na gh huandikwa g. Mwalimu anachukua madaftari 10 tu kwa siku, anasoma, anaandika swali au sifa moja kwa kila mtoto, na anaangalia kosa gani limejirudia kuliko mengine. Kesho yake analifundisha kosa hilo moja kwa darasa zima, kwa sentensi zilizotoka kwenye madaftari yao, bila kutaja majina. Kwa kasi hiyo, watoto 80 wanasomwa wote ndani ya siku nane za shule, kila mmoja akijua kwamba zamu yake inakuja. Na tahajia inafundishwa pale mtoto anapoihitaji.

Suala la karatasi lina ufumbuzi wake pia. Rasimu inaweza kuandikwa nyuma ya karatasi zilizotumika ofisini, au kuanzia ukurasa wa mwisho wa daftari kuelekea katikati. Karatasi moja ya A4 ikikunjwa mara tatu na kukatwa mkato mmoja katikati hutoa kijitabu cha kurasa nane kisichohitaji pini. Vijitabu 30 vilivyoandikwa na darasa la tano ni maktaba ya darasa la pili, katika shule ambayo vitabu vya ziada ni vichache. Mradi wa Vitabu vya Watoto Tanzania, ulioanzishwa 1991, umekuwa ukihangaika na uhaba huo kwa vitabu vilivyochapishwa. Vijitabu vya watoto haviwezi kuchukua nafasi yake, ila vinaongeza kitu cha kusoma, tena chenye majina ya vijiji wanavyovijua.

Wasomaji wengine wanapatikana kwa gharama ndogo. Kikao cha wazazi kinaweza kuanza kwa watoto watatu kusoma walichoandika. Watoto wanaweza kutumwa kwa wazee kuuliza habari za Buyungu na Muhambwe, zilizokuwa himaya za Waha kabla ya kuwa majina ya majimbo ya uchaguzi, kisha warudi na maandishi. Shule ya Kasanda inaweza kuandikiana barua na shule ya Ujiji: wa huku waeleze jinsi ya kupura maharage, wa kule waeleze jinsi ya kukausha dagaa na kukaanga migebuka. Basi linalopita kila siku kwenda Kigoma mjini linaweza kubeba bahasha moja kila mwezi.

Mwalimu aliyenakilishwa

Yote haya yanamtegemea mtu ambaye, mara nyingi, naye hakuwahi kufundishwa kutunga. Mwalimu kijana wa leo alisoma shule ya msingi enzi za kusiliba au za kupanga sentensi. Sekondari alikutana na insha kwa Kiingereza, lugha aliyokuwa bado anaihangaikia. Chuoni alifundishwa mbinu za kufundisha kuandika, lakini kuandika kwenyewe hakukuwa sehemu kubwa ya siku yake. Kumtaka aandike ubaoni mbele ya watoto 80, akikata na kubadilisha, ni kumtaka ajianike.

Hapo ndipo pa kuwekeza. Mkoa una vyuo vya ualimu vya Kasulu na Kabanga, na mfumo wa Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, MEWAKA, unawataka walimu wakutane mara kwa mara shuleni kwao kujadili ufundishaji. Kikao kimoja kwa mwezi kinaweza kutengwa kwa walimu kuandika: kila mmoja nusu ukurasa juu ya mtoto mmoja darasani kwake, kisha wasomeane na kuulizana maswali. Mwalimu aliyewahi kuulizwa "hapa ulimaanisha nini?" na mwenzake, kwa heshima, atajua jinsi ya kumuuliza mtoto.

Kabla ya 2027

Mtaala mpya ulioanza Januari 2024 umeweka ukomo wa elimu ya msingi kuwa darasa la sita. Watoto walioingia darasa la tatu mwaka huo watamaliza 2027, mwaka mmoja na kundi la mwisho la darasa la saba. Ni mwaka mgumu kwa shule na kwa NECTA, na ndiyo maana huu ni wakati wa kuamua karatasi ya Kiswahili itadai nini. Mtaala unazungumzia umahiri, yaani kile mtoto anachoweza kukifanya. Upimaji usiomwona akiandika utakuwa unapima kitu kingine.

Haihitaji kuanza na insha milioni moja. Upimaji wa darasa la nne unaweza kuwa na aya moja ya nusu ukurasa, isomwe na walimu wa kata jirani kwa vigezo vinne vilivyoandikwa waziwazi: je, msomaji anaelewa kilichotokea, je, mpangilio unafuatika, je, kuna maelezo ambayo ni mtoto huyu tu angeyatoa, na je, tahajia inasomeka? Sampuli ya karatasi hizo irudiwe kusomwa kitaifa ili kuhakikisha Kakonko na Kinondoni wanatumia mizani ile ile. Mapambo ya kukariri yasipewe alama, kuepuka mtego uliowanasa wenzetu wa Kenya. Na swali lenyewe linaweza kuwa fupi kuliko yote kwenye karatasi: chagua kazi moja unayoijua vizuri nyumbani kwenu, ueleze inavyofanywa, ili mtu asiyewahi kuifanya aweze kuijaribu.